Maswali ya wasomaji: taa za ziada za pikipiki

Barua tulizopokea kuhusu taa za ziada zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuzitengea safu nzima. Tumechagua tano ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wasomaji wengine, na tumezifupisha pale palipohitajika.

Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Njombe na ninaendesha Boxer ya cc 150. Kazi yangu kubwa ni ya alfajiri na jioni, kupeleka abiria na mizigo vijijini, na kuanzia mwezi wa sita ukungu huwa mzito hadi kona siioni mpaka nimeifikia. Taa kubwa ya pikipiki ni hafifu, na nikisimama hufifia zaidi. Dukani nimeona aina mbili za taa za LED: za duara, ndogo, zilizoandikwa wati 60 na mwanga wa lumeni 20,000 kila moja, na nyingine pana za njano zilizoandikwa wati 12 tu, ambazo ajabu yake ni kwamba ndizo ghali zaidi. Ninunue zipi?

Marahaba. Kwa njia unayopita na kwa pikipiki uliyonayo, hizo za njano za wati 12 ndizo zinazoelekea kukufaa, ila kuna kazi ya kufanya kabla hujatoa fedha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haina gharama.

Anza na taa kubwa uliyonayo. Pikipiki nyingi za ukubwa huo hutumia balbu ya halojeni ya wati 35 kwa fulu na wati 35 kwa dimu, na mwanga wake, ingawa si mwingi, huwa unatosha mwendo wa wastani iwapo balbu haijawa nyeusi, kiakisi cha ndani hakijachakaa na waya wa hasi haujaota kutu. Jambo linalosahaulika mara nyingi zaidi ni mwelekeo wa taa. Simamisha pikipiki mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umeikalia na abiria akiwa nyuma yako, kisha washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga unapaswa kuwa chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimeta 5 hadi 10. Nasisitiza abiria awepo, kwa sababu uzito wa nyuma hukandamiza shokapu na kuinua pua ya pikipiki, na hapo taa iliyopimwa bila mzigo huanza kumulika miti na macho ya wenzako huku barabara ikibaki gizani. Wapo madereva waliokwenda dukani kununua taa wakati walichohitaji ni kulegeza bolti moja na kuishusha taa kidogo.

Hilo la taa kufifia unaposimama lina sababu yake. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa haitumii umeme wa betri bali hupokea umeme wa mkondo geu (AC) moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneto, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizunguka taratibu, taa nayo hupungua. Kipimo chake ni rahisi: fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha jaribu honi na taa kubwa. Honi ikilia na taa kubwa isiwake, basi taa hiyo inategemea magneto. Kumbuka jibu utakalolipata hapo, kwa maana ndilo litakaloamua mahali pa kuunganisha taa mpya.

Sasa tuje kwenye hesabu ya umeme, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kutangulia hesabu ya bei. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea. Taa mbili za wati 12 ni wati 24, na katika mfumo unaochaji kwa volti 13 na ushee zitavuta ampea 1.8 hivi. Taa mbili ambazo kweli ni za wati 60 kila moja zingevuta ampea 9, kiasi ambacho mfumo wa chaji wa pikipiki ndogo hauna nafasi ya kukitoa huku ukiendelea kuhudumia betri, indiketa, honi na taa ya breki. Tuseme betri yako ni ya ampea-saa 5, yaani ya kutoa ampea 5 kwa saa moja. Kwa mzigo wa ampea 9 bila chaji ya kutosha itakuwa imeishiwa nguvu ndani ya nusu saa, na kwa mzigo wa ampea 1.8 itastahimili zaidi ya saa mbili kinadharia, ingawa betri iliyozeeka haitafika huko. Dereva wa bodaboda yuko katika hatari zaidi ya dereva wa safari ndefu, kwa sababu hukaa kijiweni injini ikiunguruma taratibu au ikiwa imezimwa, taa zinawaka, na chaji inayoingia ni kidogo kuliko inayotoka.

Unaweza kuthibitisha kwa mita ya umeme, ambayo fundi yeyote wa umeme anayo. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, ipandishe hadi mwendo wa kawaida wa safari, washa kila kitu pamoja na taa mpya, kisha soma tena. Ukiona kati ya volti 13.2 na 14.5, mfumo unamudu. Ukiona imeshuka chini ya 12.8 na inaendelea kushuka, taa hizo zinakula akiba, na asubuhi moja ya baridi stata itakataa.

Lakini usiogope sana hizo wati 60, kwa kuwa yaelekea si za kweli. LED nzuri iliyofungwa ndani ya taa ya chombo hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, na kwa kuwa wati 60 zingetoa lumeni 6,000 hivi, aliyeandika 20,000 kwenye boksi hilo amejiandikia namba aipendayo. LED huzalisha joto nyuma yake, na joto la wati 60 linahitaji mapezi makubwa ya aluminiamu yenye uzito unaousikia mkononi, si kikopo chepesi cha bati. Mwombe muuzaji aiunganishe kwenye betri kupitia mita ya ampea. Ikivuta ampea 1, hiyo ni taa ya wati 12, hata boksi liseme nini. Hapo huenda ukagundua kwamba zile za njano ni ghali zaidi kwa sababu aliyezitengeneza hakudanganya na kwamba fedha yako imelipia kioo.

Ninasema kioo kwa sababu ndicho kinachoamua mwanga uende wapi, na hapa ndipo taa za ukungu zinapotofautiana na taa za kumulika mbali. Taa ya kumulika mbali, ambayo vijana huiita spoti, hukusanya mwanga katika duara jembamba linalokwenda mbele mita nyingi. Hiyo hufaa barabara kavu iliyonyooka, na kwenye ukungu ni adui, kwa kuwa mwanga wake hugonga matone ya maji na kurudi machoni mwako kama ukuta mweupe. Taa ya ukungu hutandaza mwanga kwa upana, chini na karibu, na juu yake huwa na mstari ulionyooka ambapo mwanga hukatika ghafla. Imulike ukutani hapo dukani. Usipouona mstari huo, usinunue, hata kama kioo ni cha njano. Zikipatikana zenye alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyozithibitisha, kama vile E4 ya Uholanzi au E13 ya Luxembourg, ni bora zaidi, mradi alama hiyo imechongwa kwenye kioo au kwenye kasha la taa na wala si stika. Taa za ukungu za mbele zilizothibitishwa huwa na herufi B au F3 karibu na alama hiyo.

Kuhusu rangi, imani kwamba njano hupenya ukungu haina msingi mkubwa wa kifizikia, kwa sababu matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga na hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ufaransa ililazimisha taa za njano kwenye magari yake kwa zaidi ya nusu karne, na sharti hilo lilipoondolewa mwaka 1993 Wafaransa hawakupotea njia. Hata hivyo njano ina faida yake. Mwanga ulioondolewa bluu hauchoshi sana macho ya yule anayeendesha kwa muda mrefu, na LED nyeupe za bei nafuu zenye kelvini 6,000 na zaidi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) zimejaa bluu hiyo. Njano ya kelvini 3,000 hivi au nyeupe tulivu ya 4,300 ningeichukua kabla ya ile inayokaribia rangi ya samawati.

Zifunge chini, pande mbili za gadi inayokinga injini, zisipungue sentimeta 25 kutoka ardhini na zisipande juu ya taa kubwa. Kadiri taa inavyokuwa mbali na mstari wa macho yako ndivyo mwanga unaorudishwa na ukungu unavyokusumbua kidogo. Kwa kuwa gadi imeshikamana na fremu, taa hazitageuka pamoja na tairi kwenye kona, lakini upana wa mwanga wake utakuonyesha ukingo wa barabara pande zote, na huo ndio unaotafutwa katika ukungu. Mwendo nao upunguze, kwani hakuna taa ya ukungu inayokuonyesha mita 100 mbele.

Mheshimiwa, niko Tabora. Fundi alinifungia taa mbili za LED kwenye TVS yangu kwa kuunga waya kwenye ule wa taa kubwa, nyuma ya kioo. Zilikuwa zinachezacheza injini ikiwa taratibu, swichi ya kwenye usukani ikawa inapata moto, na baada ya muda mfupi taa zote mbili zikafa. Je, taa zilikuwa feki?

Inawezekana zilikuwa feki, lakini kwa maelezo yako hata taa halisi ingekufa. Ikiwa taa kubwa ya pikipiki yako hupata umeme kutoka kwenye magneto, basi fundi alizilisha LED umeme wa mkondo geu unaopanda na kushuka kila injini inapobadili mwendo, wakati taa hizo zimetengenezwa kwa umeme wa betri. Kule kuchezacheza kulikuwa onyo. Na swichi ya kwenye usukani, ambayo vishikizo vyake vya ndani ni vyembamba na vilikusudiwa kubeba balbu moja, ikabebeshwa mzigo ambao si wake.

Taa za ziada zinapaswa kuchukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri iwezekanavyo, pasizidi sentimeta 20, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote kikichubuka. Kwa taa za jumla ya wati 24, fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita mraba 1 vinatosha. Ukikuta fundi ameweka fyuzi ya ampea 20 ili isikatike, mwambie aitoe, maana hapo waya utaungua kabla ya fyuzi.

Iwapo jumla ya wati ni 20 au 25, swichi nzuri isiyopenya maji inaweza kubeba mzigo bila msaada. Ikifika wati 40 na kuendelea, weka rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa kwa amri ya swichi ndogo. Rilei ya kawaida ya gari ina miguu minne yenye namba: 30 hupokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 hupeleka kwenye taa, 85 huenda kwenye hasi, na 86 hupokea amri kutoka kwenye swichi. Koili yake huvuta chini ya robo ya ampea, kwa hiyo swichi haipati moto tena. Angalizo ambalo mafundi wengi hulipita ni kwamba amri hiyo ya mguu wa 86 isichukuliwe kwenye waya wa taa kubwa inayotegemea magneto, kwa sababu rilei itatetemeka na kulia kama nyenje. Ichukuliwe kwenye waya unaopata umeme ufunguo unapofunguliwa, kwa mfano ule unaolisha honi au taa ya breki. Kwa njia hiyo taa huzimika zenyewe unapotoa ufunguo, na hutaikuta betri imekufa kwa sababu ulisahau swichi.

Waya wa hasi urudishwe hadi kwenye betri. Kuufunga kwenye bolti ya fremu iliyopakwa rangi ni kutafuta matatizo ya taa zinazowaka leo na kukataa kesho. Viungio vilehemiwe na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kwa kuwa tepu peke yake hulegea katika jua la Tabora.

Naandika kutoka Limuru, Kenya. Nimeweka spoti mbili kwenye pikipiki yangu na sasa madereva wa matatu na malori wananimulika kwa hasira kila usiku. Wengine wananiambia polisi watanikamata. Taa za ziada zimekatazwa?

Kwa kawaida taa za ziada zenyewe si kosa. Linaloleta kosa ni rangi, mwelekeo na namna zinavyotumika, na hao madereva wanaokumulika, kwa hakika, wana haki ya kulalamika. Spoti ni sehemu ya fulu. Inapaswa kuwaka pale tu unapowasha fulu na kuzimika papo hapo unapoweka dimu, kwa hiyo mwombe fundi aziunganishe zitii swichi hiyo, na kwa pikipiki ambayo taa yake haitegemei magneto kazi hiyo ni nyepesi. Pale ambapo haiwezekani, weka swichi yake mahali ambapo kidole gumba cha kushoto kinaifikia bila kuachia usukani. Swichi iliyofichwa chini ya kiti haitazimwa na yeyote anayekutana na lori.

Kuhusu rangi, kanuni inayofuatwa kimataifa, ambayo imo pia katika Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ni kwamba chombo hakionyeshi taa nyekundu mbele. Mbele ni nyeupe au njano. Taa za bluu au nyekundu zinazomwekamweka ni za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, na nchini Tanzania polisi wamewahi kuendesha operesheni za kuwaondolea madereva wa kawaida vimulimuli hivyo. Taa nyeupe zinazomwekamweka mfululizo nazo ziache, kwani pamoja na kuvuta macho huharibu uwezo wa dereva wa mbele kukadiria umbali wako.

Na umbali huo ndio hoja ninayoiona nzito kuliko zote kwa anayetaka taa mbili za ziada. Pikipiki yenye taa moja ni vigumu kuikadiria kasi usiku, na wakati mwingine hudhaniwa kuwa gari lililoungua taa upande mmoja. Taa mbili ndogo zilizotengana, zikiunda pembetatu na taa kubwa, humpa dereva wa mbele umbo linalokua kadiri unavyokaribia, na hilo humwezesha kuamua kama anaweza kukata kona mbele yako au asubiri. Kwa kazi hiyo hazihitaji ukali wowote, na wati 5 kila moja, zikielekezwa chini kidogo, zinatosha. Huko Limuru kwenye ukungu wenu, ningekushauri uzing'oe spoti hizo, uziuze, na uchukue za ukungu.

Je, badala ya kuongeza taa, siwezi kubadili balbu tu nikaweka ya LED au ile ya gari ya wati 60?

Ya gari usiiweke. Balbu ya H4 ya wati 60/55 inafanana sana na ya pikipiki ya wati 35/35, na wapo wanaoilazimisha kuingia, lakini inakaribia kuvuta umeme mara mbili, hupasha moto soketi na swichi, na kiakisi kidogo cha pikipiki hufubaa kwa joto hilo. Ya LED ina shida nyingine. Kiakisi kimechorwa kufuatana na mahali hasa uzi wa halojeni unapokaa, na LED ikipishana na mahali hapo hata kwa milimita moja au mbili, mstari wa dimu hupotea na mwanga hutawanyika machoni mwa wengine. Ukiiweka, rudia kipimo cha ukutani nilichokieleza juu. Mstari ukiwa umeharibika, rudisha ya halojeni, mpya, ya kampuni inayojulikana.

Mimi niko Unguja. Kila taa ya ziada ninayofunga huingia maji au kuota kutu ndani ya miezi michache. Nifanyeje?

Tafuta taa yenye alama ya IP67 au IP68. Tarakimu ya 6 humaanisha vumbi haliingii kabisa, na 7 humaanisha taa inaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Alama hiyo, hata ikiwa ya kweli, inahusu kasha la taa tu. Chumvi ya bahari huanzia kwenye soketi ya waya na kwenye bolti. Tumia soketi zenye mpira wa kuzuia maji, zipake ndani grisi maalumu ya viungio vya umeme, elekeza mdomo wake chini ili maji yasitulie, na tumia bolti za chuma kisichoota kutu pamoja na nati zenye nailoni ndani, kwa kuwa mtikisiko wa injini ya silinda moja hulegeza nati za kawaida. Unapoosha pikipiki kwa mashine, usielekeze mkondo wa maji kwenye taa kwa karibu, kwa kuwa msukumo wa mashine ni mkubwa kuliko ule wa kuzamishwa na IP67 haikupimwa kwa ajili yake. Ukungu mwembamba ndani ya kioo asubuhi, unaoondoka taa ikipata joto, si tatizo. Maji yanayoonekana yakitembea ndani ni dalili kwamba mpira umepasuka, na taa hiyo irudishwe dukani ikiwa bado ina dhamana.